Kabla ya kumpaka punda dawa, tazama kamba

Mhariri,

Majuzi mlichapisha barua ya msomaji aliyetaka kila mwenye punda aliye na kidonda akamatwe, apelekwe kortini na mkokoteni wake uchukuliwe. Niliisoma mara tatu. Mimi ni mmoja wa hao anaotaka wakamatwe. Nauza maji kwa mkokoteni hapa Karagita, Naivasha, tangu mwaka 2008, na punda wangu wamewahi kuwa na uvimbe, vidonda na vigaga ambavyo hata leo naona haya kuvisimulia.

Simpingi msomaji huyo. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tayari inakataza kumtumikisha mnyama mwenye jeraha, na ni sheria nzuri. Lakini naona anadhani kila kidonda cha punda kimeletwa na fimbo. Fimbo ipo, na wanaoitumia vibaya nawajua. Hata hivyo, vidonda vingi nilivyoviona katika mitaa hii vilitengenezwa polepole, siku baada ya siku, na watu wanaowategemea punda wao kwa unga na karo, na ambao wangeumia sana kuwapoteza. Walikosa kujua tu, kama nilivyokosa mimi.

Nilipoanza kazi nilikuwa na punda jike, nikamwita Malkia. Kamba ya kumfunga kwenye mkokoteni niliitengeneza mwenyewe kwa vipande vya tyubu ya gari, kwa sababu ni rahisi, haikatiki na haiozi kwa maji. Nilikuwa napakia mitungi ishirini ya lita ishirini. Hizo ni kilo 400 za maji, mkokoteni wenyewe bado. Jioni moja nilipomfungua niliona uvimbe kwenye bega la kulia, mkubwa kama nusu ya ndimu, wa moto ukiushika. Majirani wakaniambia nipake oili chafu ya injini. Nikapaka. Kesho yake nikamfunga tena kwa kamba ile ile, juu ya uvimbe ule ule. Baada ya wiki moja ukapasuka, nzi wakajaa, nami nikaongeza oili.

Aliyenifungua macho hakuwa daktari. Alikuwa mzee mmoja fundi wa viatu pale stejini, ambaye zamani alikuwa akishona matandiko ya farasi katika shamba la mzungu. Nilimwendea na Malkia ili amwone. Akanitazama, akasema, "Mama, siku nyingine niletee kamba, punda umwache nyumbani apumzike." Akaivua ile kamba, akailaza juu ya meza yake, akapitisha vidole polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akasimama penye fundo. Nilikuwa nimeunganisha vipande viwili kwa waya, na ncha ya waya ilikuwa imejikunja kwa ndani. Akaniambia nilete kidole changu nishike. Kisha akaniambia nishike bega la Malkia. Fundo na uvimbe vilikuwa mahali pamoja.

Yule mzee alinieleza kwamba mpira wa tyubu unang'ang'ania ngozi. Punda anapovuta, mpira hautelezi, unaivuta ngozi na nywele zake. Jasho halina pa kupita, joto linabaki chini yake, vumbi linachanganyika na chumvi ya jasho na kuwa kama msasa. Mahali pembamba ndipo panapoumia zaidi, maana uzito wote wa mzigo unakusanyika pale. Alinishonea mshipi mpya wa kifuani kwa turubai iliyokunjwa mara kadhaa, upana wa kiganja changu, ndani ameweka blanketi kuukuu la pamba, na mishono yote ameigeuza nje ili isiguse ngozi. Kwa mgongo alitengeneza mito miwili, mmoja kila upande wa uti, katikati pakiachwa wazi. Mfupa wa mgongo wa punda haupaswi kubeba kitu chochote, alisema, na mimi nilikuwa nimemwekea gunia la nailoni juu yake moja kwa moja.

Akanifundisha pia kupakia. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukiwekewa mzigo mwingi mbele, ile miti miwili ya kumfungia punda inashuka na kumkandamiza mgongoni kila gurudumu linapoingia shimoni. Ukiwekewa mwingi nyuma, miti inainuka na mshipi wa tumboni unamkata kwapani. Mzigo ukae juu ya ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu. Ukitaka kujua kama umesawazisha, inua miti kwa mkono mmoja kabla ya kumfunga. Ikiinuka bila kukushinda wala kukuruka, hapo umepata. Nimewaonyesha vijana wengi jambo hili dogo, na halimgharimu mtu hata shilingi moja.

Tangu siku hiyo, kila jioni nikimfungua punda, kabla sijampa maji, nampapasa. Naanza na mabega, naenda mgongoni, nashuka kwapani, nazunguka pembe za mdomo, naishia chini ya mkia na miguuni pale kamba ya malishoni inapofungwa. Natafuta joto, nywele zilizokatika, mahali anaposhtuka. Uvimbe wa kamba huwa laini na wa moto jioni ile ile, kabla ngozi haijachubuka. Ukiukuta hapo, maji baridi kwa kitambaa na siku mbili au tatu za mapumziko mara nyingi zinatosha, bora kamba itengenezwe kabla hajafungwa tena. Ukiupuuza, ngozi inakufa, inakuwa ngumu kama kipande cha kiatu, na hapo unazungumzia miezi. Hata kikipona, nywele zinazoota huwa nyeupe, kwa sababu rangi imeshaharibiwa mle ndani. Punda wangu wa sasa, Debe, ana alama mbili nyeupe begani. Ni zangu mimi, za miaka ile ya tyubu, naye anazibeba mpaka leo.

Ndiyo maana nasema uvimbe wa punda usomwe kwanza kwa mahali ulipo. Begani, uliza mshipi wa kifuani, au nira, maana wapo wanaowavisha punda nira ya ng'ombe ilhali punda hana nundu ya kuishikilia. Mgongoni, uliza tandiko na namna ya kupakia. Pembe za mdomo, uliza lijamu ya waya. Chini ya mkia, uliza kamba ya plastiki. Ukiona uvimbe au kigaga mahali ambapo kamba haifiki kabisa, hapo ndipo uache ubingwa na umwite daktari wa mifugo. Mimi sikumwita, na sasa nitawaeleza yaliyonipata.

Ilikuwa mvua ya masika ya mwaka 2018, mwaka ule bwawa la Solai lilipopasuka. Mvua haikukatika kwa wiki nyingi. Punda wangu walikuwa wanalala nje, chini ya mti, kama punda wengi wa hapa. Malkia akaanza kutoka vigaga mgongoni na kwenye makalio, vidogo vidogo, vimeshikana na nywele. Ukikibandua kimoja kinatoka na kishungi cha nywele kama brashi ndogo ya rangi, na chini yake ngozi ni ya waridi, ina unyevu, na Malkia anarusha mguu kwa maumivu. Nilidhani ni kupe na viroboto. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikasema nataka dawa ya kupulizia wadudu. Muuzaji hakuniuliza ni ya mnyama gani, nami sikumwambia. Akanipa chupa ambayo kila mfugaji wa ng'ombe anaijua kwa harufu yake. Ndani yake mna amitrazi, dawa ya kuua kupe.

Niliwapulizia wote wawili, Malkia kwa wingi kwa sababu ndiye aliyekuwa na vigaga, na Debe kwa ile iliyobaki. Kesho yake Malkia hakula. Alisimama kichwa chini kama mtu mwenye usingizi, akitembea anayumba. Hakutoa kinyesi mchana wote. Siku ya pili nikampigia simu daktari, kijana mmoja mpole, akaja kwa pikipiki katika matope yale. Aliweka kifaa chake cha kusikilizia tumboni mwa Malkia upande huu na upande ule, muda mrefu. Kisha akauliza, "Mama, umempulizia nini?" Nikamwonyesha chupa. Akasema, "Hii inafaa ng'ombe. Ikimwingia punda au farasi, matumbo yanalala." Akampitishia mpira puani hadi tumboni, akammiminia mafuta na maji ili chakula kilichoganda kisogee. Tulikesha naye. Alikufa siku ya tatu alfajiri. Debe alikataa chakula kwa siku mbili, halafu akatoa kinyesi, nami nikalia kwa furaha mbele ya watoto wangu kwa sababu ya kinyesi cha punda.

Baadaye niliitazama ile chupa vizuri, nikamwita binti yangu aliyekuwa sekondari anisomee. Kwa herufi ndogo za Kiingereza ilikuwa imeandikwa isitumiwe kwa farasi. Punda hakutajwa. Na hata angetajwa, ni wangapi kati yetu wanaobeba maji wanaosoma Kiingereza cha herufi za ukubwa ule?

Na Malkia hakuwa na kupe. Vile vigaga, daktari alinieleza, ni ugonjwa wa mvua. Unaletwa na bakteria ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo ya Wabelgiji, akiwa kwenye ngozi ya ng'ombe, ndiyo maana jina lake la kisayansi, Dermatophilus congolensis, limebeba jina la Kongo. Anaingia ngozi ikilowa kwa muda mrefu na kulainika, hasa kama imekwaruzwa na kamba au kuumwa na wadudu. Punda anaumia kuliko farasi kwa sababu manyoya yake hayana mafuta ya kutosha ya kuzuia maji. Ni mnyama wa nchi kavu. Sisi tunamwona mgumu, tunamwacha mvuani usiku kucha kisha tunamshangaa.

Debe naye alikuwa na vigaga vichache, hivyo nilijifunza kuvitibu kwake. Kwanza paa. Nilisimamisha nguzo nne na mabati sita, na hiyo ndiyo dawa iliyosaidia kuliko zote. Pili, punda huyo hafungwi kamba juu ya vigaga mpaka ngozi ipone. Tatu, vigaga vinalainishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini au ayodini iliyochanganywa kama daktari alivyoelekeza, unaacha dakika kumi hivi, unavitoa taratibu vile vilivyolegea, vilivyoshikilia unaviacha mpaka kesho. Halafu unakausha kabisa kwa kitambaa safi. Kumwosha punda na kumwacha amelowa ni kumrudishia ugonjwa. Vigaga vikusanywe na kuchomwa, brashi na kitambaa visiguse punda mwingine, na wewe uvae glavu, kwa maana ugonjwa huu humwingia hata binadamu. Mimi nilitoka vipele mikononi.

Kwa kidonda cha kawaida cha kamba, daktari alinionyesha maji ya chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Basi. Oili chafu, majivu, asidi ya betri, dawa ya buluu kila siku mpaka ngozi inageuka gamba, hata kuchoma kwa chuma cha moto, vyote hivyo nimeviona vikifanywa kwa nia njema, na vyote vinaua nyama inayojaribu kuota. Wanaoamini chuma cha moto ni wagumu kuwashawishi, kwa kuwa baba zao walifanya hivyo. Nawaomba tu wamtazame punda macho yake siku ile.

Uko uvimbe mwingine ambao nimeuona kwa punda wa majirani, nautaja ili msomaji asidhani kila kitu ni kamba. Kuna kidonda cha msimu wa nzi, kwenye kope za macho, midomoni au miguuni, kinachokataa kupona na kuota nyama nyekundu iliyojaa, na ndani yake vipande vidogo vya manjano vigumu kama punje za mchele. Vinatokana na viluwiluwi vya minyoo wa tumboni, vilivyoletwa na nzi na kuachwa kidondani. Kinahitaji dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari, na kuondoa samadi karibu na banda, maana nzi wale huzaliwa humo. Kuna uvimbe kama chunjua, unaotokana na virusi vya chunjua za ng'ombe, ambao ukikatwa au kufungwa uzi hurudi mkubwa zaidi. Usiuguse. Na ukiona vinundu vimejipanga kama shanga kwenye mshipa wa mguu au shingo, vikipasuka kimoja baada ya kingine, mtenge mnyama huyo siku hiyo hiyo na umwite daktari kabla ya jua kutua. Daktari wetu aliniambia kuwa huko Ethiopia farasi wa kuvuta magari ya abiria wanaangamia kwa ugonjwa wa namna hiyo, na kwamba unasafiri kwa nzi, kwa sindano na hata kwa matandiko ya kuazimana.

Tena kuna pepopunda. Lugha yetu wenyewe iliupa ugonjwa ule jina la mnyama huyu, nasi tunawachanja watoto na mama wajawazito, punda mwenye kidonda tunamwacha hivi hivi. Punda na farasi hushikwa nao kwa urahisi kuliko wanyama wengine wa nyumbani. Chanjo ipo. Ulizeni.

Najua wengi watasema mapumziko ni anasa. Nawaelewa, maana siku punda asipotoka, nyumbani hakuna kitu. Na hali imekuwa ngumu zaidi. Kichinjio cha punda kilipofunguliwa hapa Naivasha mwaka 2016, ngozi zikawa zinasafirishwa kwenda China kutengenezwa dawa, wizi ukaanza. Tulikuwa tunaamka tunakuta kwato na vichwa porini. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Wakati huo wote bei ya punda ilipanda, na aliyekuwa na wawili akabaki na mmoja anayefanya kazi ya wawili. Mimi pia. Malkia alipokufa sikuweza kununua mwingine kwa miaka miwili. Nilipunguza mitungi kutoka ishirini hadi kumi, nikaenda safari nyingi fupi, nikapoteza wateja kadhaa. Debe hakutoka kidonda hata kimoja katika miaka hiyo. Watu husema punda afe mzigo wa bwana ufike. Malkia alikufa, na mizigo yangu haikufika kwa miezi.

Ndiyo maana naandika, Mhariri. Wenye maduka ya dawa za mifugo nawaomba jambo moja tu: mtu akitaka dawa ya kupe, muulizeni ni ya mnyama gani, na akisema punda, msimpe yenye amitrazi. Ziko nyingine, daktari atawatajia. Watengenezaji wa dawa waandike onyo kwa Kiswahili, kwa herufi za kuonekana, na walitaje neno punda. Maofisa wa mifugo wa kaunti, mnapokuja na gari la chanjo ya ng'ombe, mtutangazie na sisi wenye punda tuje siku hiyo. Tupo wengi, na hatujawahi kuitwa.

Na kwa msomaji aliyeandika barua ile, namkaribisha Karagita. Aje saa kumi na mbili jioni, pale kwenye kioski cha maji, wakati tunapofungua punda. Nitamwonyesha mahali pa kuweka mkono, na tutatembea naye kwa kila mkokoteni. Akikuta uvimbe wa moto, asiite polisi kwanza. Aombe aione kamba.

Muuza maji,
Karagita, Naivasha